Tufani Haikuuliza Nani Mwenye Dhambi



Kimbunga kikipiga pwani, simu zetu zinajaa video: minazi imelala, mabati yanaruka kama karatasi, mama amebeba mtoto kichwani ndani ya maji. Na chini ya video hizo hakosekani mtu wa kuandika kwamba Mungu amewachoka watu wa huko. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinasogea, maneno hayo niliyaona hata kwenye magrupu yetu ya vijana wa kanisa. Mtu anaandika, anaweka na alama ya mikono inayosali, anaendelea na shughuli zake. Leo nataka tuongee kuhusu neno hilo.

Sisi wa Issenye bahari tunaijua kwenye ramani. Upepo wetu mkubwa ni ule unaotangulia mvua, unang'oa bati mbili tatu, kesho yake mwenye nyumba anapanda na nyundo. Kimbunga ni kitu kingine. Maji ya bahari yakipata joto la nyuzi 26 hivi kwenda juu, hewa yenye unyevu inapanda, upepo unaanza kujizungusha, na kadiri unavyozunguka juu ya maji ya moto ndivyo unavyoongeza nguvu. Karibu na ikweta mzunguko huo haushiki vizuri, ndiyo maana Msumbiji inapigwa mara nyingi na sisi mara chache. Ni mambo ya joto la bahari na mzunguko wa dunia. Tabia za watu wa pwani hazimo kwenye hesabu hiyo.

Hidaya ilitua Mafia tarehe 4 Mei ikiwa imepungua nguvu, tumshukuru Mungu. Hata hivyo mvua zake zilikata barabara kuu huko Kilwa, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengwa kwa siku kadhaa. Beira haikupata nafuu hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, Kimbunga Idai kiliingia pale, mito ya Pungwe na Buzi ikafurika, bonde zima likawa kama ziwa. Waliokufa Msumbiji, Zimbabwe na Malawi walizidi 1,000. Mahindi yalikuwa karibu kuvunwa. Wewe mtoto wa mkulima unaelewa maana yake: umelima, umepalilia, umeshaanza kuhesabu magunia, halafu unabaki na tope. Wiki sita baadaye Kimbunga Kenneth kikapiga Cabo Delgado, na ndugu zetu wa Mtwara, ng'ambo ya Mto Ruvuma, walikuwa wameambiwa wajihadhari.

Sasa, walikuwa na dhambi gani kuliko sisi?

Swali hilo Yesu alishalijibu. Soma Luka 13. Mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18, na Yesu anawauliza wasikilizaji wake kama wanadhani wale walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Jibu lake ni hapana, moja kwa moja. Kisha anawageuzia kibao: tubuni ninyi. Anayetazama maafa ya mwenzake anaambiwa ajichunguze mwenyewe, basi. Hakupewa kazi ya kumhukumu aliyelala chini ya kifusi.

Na Ayubu? Watoto wake walikufa kwa upepo mkali uliotoka jangwani ukaiangusha nyumba (Ayu 1:19). Rafiki zake watatu wakaja, wakakaa naye chini siku saba bila kusema neno. Mimi huwa nasema hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao nzuri kuliko zote. Mambo yaliharibika walipofungua midomo na kuanza kumtafutia dhambi, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao.

Kuna mtu atasema, "Lakini Mungu anaweza kuadhibu." Sawa. Twende Bagamoyo basi. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja na pwani inayotazamana nayo. Meli zilizama bandarini, karibu theluthi mbili za mikarafuu ya Unguja ikaanguka. Ungeweza kusema ni haki yao, maana mashamba yale yalilimwa na watumwa na soko la watumwa lilikuwa bado wazi. Ila upepo ule ule ulivuka ukabomoa misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu Bagamoyo, iliyoanza 1868, walikoishi watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Mtoto aliyeibwa kwao, akatembezwa hadi pwani, akauzwa, akakombolewa, leo paa linamwangukia. Huyo anaadhibiwa kwa lipi? Mwenye mikarafuu na yeye walilala nje usiku mmoja.

Padre Horner na wenzake walianza upya kujenga. Miaka mitano baadaye, kutoka misheni hiyo hiyo, wakafungua Mhonda huko bara. Sisemi tufani ilikuwa heri. Ilikuwa hasara tupu, na aliyekaa Bagamoyo mwaka ule asingependa tumwambie vinginevyo.

Hapa kwetu jambo hili tunalijua, tatizo ni kwamba hatulivushi mpaka pwani. Tembo wakitoka hifadhini usiku wakamaliza shamba la jirani, nani anauliza alikosa nini? Hakuna. Asubuhi mmoja analeta debe la mahindi, mwingine mtama, vijana wanakwenda kusimamisha uzio. Hata kama huyo jirani haji jumuiya. Wengi wa Mafia na Kilwa ni Waislamu, na nahisi ndipo baadhi yetu ulimi unapokuwa mwepesi. Msamaria hakumuuliza yule majeruhi anasali wapi.

Kwa hiyo, kabla hujabonyeza kutuma, fikiria binti wa Kilwa akiusoma ujumbe wako akiwa amekaa juu ya godoro lililolowa. Halafu fanya jambo. Kamera zinaondoka baada ya wiki mbili. Mvuvi bado hana mtumbwi wala nyavu, kisima kimeingiwa na maji ya chumvi, mbegu za msimu ujao hazipo. Jumuiya yako ikikusanya hata elfu tano tano, parokia inajua namna ya kuzifikisha Caritas ya jimbo. Anzeni sasa wakati hakuna kimbunga, maana msimu unaanza Novemba.

Tusali.

Bwana Yesu, uliyelala ndani ya mashua huku mawimbi yakiingia, uwe karibu na wavuvi wa Mafia, wakulima wa Kilwa, na mama wa Beira ambaye bado anamtafuta mtoto wake. Utuzuie midomo. Utufungue mikono. Amina.