Nyumba Mbili, Kioo Kimoja



Moi's Bridge ni mji wa watu wenye nyumba mbili. Uko kando ya Mto Nzoia, mahali ambapo kaunti za Uasin Gishu, Trans Nzoia na Kakamega zinakutana. Zamani za wakoloni uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi Arthur Hoey aliyejenga daraja hapo. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926 mahindi yalipata njia ya kutoka, na hata leo mahindi ndiyo yanayowaleta watu mjini. Basi utamkuta baba ana stoo ya mahindi au duka la mbolea Moi's Bridge, naye mama watoto yuko nyumbani Kitale, au Kimilili, au huko Bungoma, pamoja na watoto, ng'ombe na shamba. Wakati mwingine ni kinyume: mama ndiye mwenye duka, na baba yuko shambani.

Watu wa namna hii siku hizi wanaweka kamera za usalama. Hatuwalaumu. Mwenye magunia mia mbili stooni hapati usingizi mwezi wa Novemba. Lakini wengi hawatosheki na kamera za stoo. Wanamwambia fundi, "Nataka nione na kule nyumbani, katika kioo hiki hiki." Fundi anafanya kazi yake, analipwa, anaondoka. Tangu siku hiyo mtu mmoja ameketi dukani Moi's Bridge akitazama madebe ya mafuta upande mmoja wa kioo, na upande wa pili anamtazama mke wake akianika nguo. Je, ni haki?

Tuelewe kwanza kazi yenyewe, maana wengi wanaagiza wasichokijua. Katika nyumba moja, kamera huunganishwa na mashine ya kunasa picha, nayo huzionyesha zote pamoja katika televisheni. Kamera za nyumba ya pili hazionekani hapo hivi hivi, kwa sababu anwani zinazotumika ndani ya nyumba hazifikiwi kutoka nje. Fundi anaweza kufungua mlango katika ruta ya nyumba ya pili ili mashine ya kwanza iingie. Ni rahisi, lakini mlango ulio wazi kwako u wazi kwa wezi wa mitandao pia. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na mashine nyingi za kunasa picha duniani, kwa sababu tu wenyewe hawakubadilisha neno la siri lililotoka kiwandani. Njia iliyo salama zaidi ni kuziunganisha nyumba mbili kwa njia ya siri ndani ya intaneti. Au kila nyumba iwe na mashine yake, kisha zote mbili zikutane katika programu moja ya simu.

Tena kuna gharama. Kamera moja ikituma megabiti 2 kwa sekunde, kwa siku nzima inakula zaidi ya gigabaiti 20. Kamera nne ni zaidi ya 80, na bando gani litahimili hayo? Isitoshe, mtandao ukikatika Kimilili, mashine iliyoko Moi's Bridge hainasi kitu, na huenda ndiyo saa mwizi anapita. Ndiyo maana fundi mwaminifu atakushauri picha za kila nyumba zinaswe katika nyumba hiyo hiyo, na wewe uliye mbali uzitazame pale tu unapohitaji.

Sasa tazameni jinsi ushauri huo wa fundi unavyogusa ndoa. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwizi akiruka ua wa Kimilili saa nane usiku, mume aliye Moi's Bridge atafanya nini na picha yake? Hata akipanda pikipiki saa hiyo hiyo, atakuta mwizi ameshaondoka. Anayeweza kupiga kelele, kuwaita majirani na kufunga mlango wa ndani ni mke aliye pale. Lakini mara nyingi mke huyo hana kioo. Hajui hata neno la siri. Nyumba inayolindwa ni yake, macho yako kwa mwingine! Mpango wa namna hiyo haumlindi mke. Unampeleka tu kwenye kioo cha mumewe, na tungeomba kila mume mwenye mpango huo ajiulize alimwagiza fundi kwa sababu gani hasa.

Kuna ishara inayosaidia kujibu, nayo ni mahali kamera inapoelekea. Kamera ya langoni, ya zizi, ya ghala, inamngoja mtu wa nje. Kamera ya sebuleni au ya jikoni inamtazama mwenye nyumba, na nyingi za siku hizi zinasikia pia yanayosemwa. Mke anayezungumza na mama yake mzazi jikoni hazungumzi tena na mama yake peke yake.

Mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham alichapisha mwaka 1791 mpango wa jela ya mviringo, ambamo msimamizi mmoja katikati anaweza kuwaona wafungwa wote, nao hawawezi kujua ni saa ngapi wanatazamwa. Nguvu yake iko hapo: asiyejua anatazamwa lini huishi kana kwamba anatazamwa daima. Bentham alipendekeza mpango huo kwa viwanda, shule na hospitali pia. Nyumba ya mume na mke haikuwamo katika orodha yake.

Wako watakaosema, "Asiye na hatia anaogopa nini?" Neno hili linapendwa sana, na linaonekana lina nguvu. Lakini huyo mume anatafuta nini? Anataka kujua kwamba mke wake ni mwaminifu. Basi kamera haiwezi kumwambia hivyo kamwe. Mke akijua anatazamwa, matendo yake mema hayathibitishi kitu, maana hata mtu mbaya hujiheshimu mbele ya macho ya watu. Naye asipojua, mume ndiye aliyekwisha kuvunja uaminifu kwa kumvizia. Zaidi ya hayo, kioo hakijui maana ya kinachokionyesha. Mume anapiga simu: "Mama watoto, jana saa nne usiku lango lilifunguliwa. Nani alikuja?" Kumbe ni jirani aliyeomba dawa ya mtoto. Jibu limetolewa, lakini mke amekwisha kuhojiwa kama mshitakiwa, na kesho ataogopa kumfungulia jirani. Picha moja huzaa maswali matatu.

Wengine hutafuta usawa: basi na mke naye amwone mume dukani, wote wawili waonekane. Ni kweli kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 45, inawapa mume na mke haki sawa wakati wote wa ndoa, na katika dhuluma hii usawa ni afadhali kuliko upande mmoja. Lakini kwa maoni yetu walinzi wawili wanaolindana hawajawa wenzi. Wanaweza kukaa miaka kumi bila kosa lolote kuonekana, na bado hakuna aliyemwamini mwenzake hata siku moja. Kuamini maana yake ni kumwacha mwenzako mahali usipomwona, na ndivyo mlivyoahidiana altareni, bila dhamana.

Tusimsahau msaidizi wa nyumbani na kijana wa dukani. Kifungu cha 31 cha Katiba hiyo kinalinda faragha ya kila mtu, wala hakisemi kila mwenye nyumba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamwachilia mtu anayetumia habari kwa mambo yake ya nyumbani tu, lakini duka si nyumba, na wateja na wafanyakazi wana haki ya kuambiwa kwamba wananaswa. Hata nyumbani ambako sheria imenyamaza, mwambieni msichana wa kazi kamera ziko wapi. Kamera katika chumba anacholala ni aibu, hata mkiwa mmeiweka kwa ajili ya mtoto.

Na kama shaka ipo kweli? Wako wanaume na wanawake wenye sababu za haki za kushuku, wala hatuwaambii wafumbe macho. Shaka isemwe kwa mdomo. Panda gari uende nyumbani, keti na mwenzako, mwulize. Mkishindwa, waiteni wasimamizi wa ndoa yenu, wale waliosimama nanyi siku ile. Mazungumzo hayo ni machungu kuliko kutazama kioo, lakini ndani yake mwenzako anaweza kujibu.

Wanaotaka kuweka kamera, au waliokwisha kuweka, wakae pamoja na fundi, wote wawili, wamwonyeshe mahali pa kila kamera. Za ndani ziondolewe, isipokuwa wote wawili wamekubaliana sababu na muda. Mashine nyingi huruhusu watumiaji kadhaa, kwa hiyo mke na mume kila mmoja awe na jina lake na neno lake la siri, na simu ya yule aliye nyumbani ndiyo ilie kwanza usiku. Neno la siri la msimamizi mkuu wa mashine liandikwe katika karatasi na kuwekwa pamoja na hati ya shamba na cheti cha ndoa. Mume akifariki ghafula njiani, mjane asije akakaa katika nyumba yake mwenyewe, kamera zikiwaka pembe zote, bila kujua wa kumwomba ruhusa ya kuzizima.