Rudi Leo, Msitu wa Tana Bado Upo

Unajua! Wewe unayeishi ukingoni mwa Mto Tana, toka Hola ukishuka Wenje na Mnazini mpaka Garsen, huna haja ya kuhubiriwa ili ujue. Unajua msitu ulifika wapi. Unajua leo umekomea wapi. Unajua shoka lililoukata limelala nyumba gani. Basi unangoja nini?

Tazama mahali ulipojaliwa! Toka mtoni, tembea kidogo tu, na tayari umeingia nyika: miiba, vumbi, mvua ya kubahatisha. Msitu huu hauishi kwa mvua ya hapa. Unaishi kwa maji yaliyonyesha Mlima Kenya na Aberdare, yakashuka na mto wa kilomita 1,000 hivi, yakapenya chini kwa chini hadi kwenye mizizi ya mikuyu na mikindu. Ndiyo maana umeng'ang'ania kingo na kona za mto, kipande huku, kipande kule. Mbali na maji ya mto hakuna msitu!

Na mto huu ulizoea kufurika. Masika na vuli ulipanda kingo, ukamwaga tope jipya, ukahama njia na kuacha maziwa nyuma yake. Katika tope lile miche iliota. Katika tope lile lile Wapokomo walipanda mpunga na migomba, na maji yalipopwa Waorma walileta ng'ombe kwenye majani mabichi. Mafuriko yamebomoa nyumba, yamezoa mifugo, yameua watu. Anayeyalilia ana haki ya kulia. Lakini mto usiofurika nao unaua, tena bila kishindo, bila habari redioni, bila mtu kukimbia!

Hesabu nami: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Mabwawa matano! Yanazuia tope, yanapunguza nguvu ya mafuriko, yanageuza majira ya mto. Ingia msituni uangalie chini ya miti mikubwa. Miche iko wapi? Ukoo wa wazee watupu, bila mtoto hata mmoja uani, utadumu vizazi vingapi?

Na sasa bwawa kubwa la High Grand Falls limo katika mipango. Wewe wa Nairobi unayewasha taa kwa nguvu za Tana, sikuambii uzime taa. Nakuambia uulize! Maji ya kufurisha bonde yataachiliwa lini, kwa kiasi gani, na nani atakayeamua? Uliza sasa, bwawa likiwa bado karatasini. Zege likishakauka utamwuliza nani?

Lakini wewe wa ukingoni, usijifiche nyuma ya mabwawa! Moto wa kusafishia shamba haukuwashwa Masinga. Panga linaloangusha mkindu halikutoka Kiambere. Gunia la mkaa lililoegemea barabarani lina mwenyewe, na mwenyewe anajijua. Tena ukikata mkuyu leo usidhani mkuyu utarudi: mti wa mathenge, uliopandwa Bura miaka ya 1980, unalisubiri pengo hilo kwa miiba yake.

Juu ya miti ya msitu huu yuko mbega mwekundu wa Tana, na pamoja naye mangabei wa Tana. Kwa ajili yao hifadhi ilitengwa mwaka 1976. Hawako Congo, hawako Uganda, hawako popote chini ya jua ila hapa! Mbega huyo ni mla majani, mkaa juu, mgumu wa kushuka. Futa ukanda wa miti kati ya kipande na kipande, umemfungia ndani. Wakiisha Tana wameisha duniani, na Mungu aliyewaweka mkononi mwako atakuuliza wewe.

Na malka, njia za mifugo kwenda mtoni! Kila malka iliyolimwa ni njia ya ng'ombe iliyozibwa, na ng'ombe mwenye kiu hasomi mpaka wa shamba. Atapita msituni, atapita kwenye mahindi, na nyuma yake zitafuata fimbo, kisha mikuki. Mwaka 2012 delta ya Tana iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye thamani kwa dunia nzima. Mwaka ule ule, katika delta ile ile, watu zaidi ya 100 waliuawa. Wapokomo walizika, Waorma walizika. Mnataka kuzika tena?

Geuka, na ugeuke leo! Usiseme baada ya mavuno, usiseme baada ya uchaguzi, usiseme fulani aanze. Zima moto wa ukingoni. Fungua malka uliyoilima. Acha miti isimame pale mto unapokunja kona. Wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, waiteni wazee wa Matadeda, baraza la Waorma, mkae kikao kimoja kabla ya masika, mtembee kwa miguu yenu, mwoneshane: hapa ng'ombe watapita, hapa tutalima, hapa panga halitaingia. Wekeni alama. Wekeni faini. Mwanao akikamatwa akikata, alipe wa kwanza!