Robo Saa ya Adhuhuri

Kuna neno moja ambalo juma hili limenikaa moyoni kama mwiba wa waridi uliokatikia chini ya ngozi, nalo ni neno la watu wema wasiokusudia ubaya wowote: "Mungu anaelewa." Nililisikia Jumanne kwa mzee mmoja wa kanisa letu hapa Kamere, mtu ninayemheshimu kwa dhati, nilipomwomba tukutane watu watano au sita, saa sita na nusu mchana, tukae robo saa katika sala kisha kila mtu arejee kazini kwake. Alinishika bega kwa upole, akasema, "Ndugu yangu, huu ni mwezi wa pili, watu hawana wasaa hata wa kumeza ugali; Mungu anaelewa." Nilinyamaza kwa staha, nikaenda zangu, na tangu hapo sijapata raha.

Sikatai kwamba kazi ipo. Akaaye kando ya barabara hii ya kusini mwa Ziwa Naivasha, kutoka Karagita hadi huku kwetu, anayajua majuma yanayotangulia Siku ya Wapendanao ya tarehe 14 Februari, wakati ambapo mabasi ya mashamba huwazoa watu kungali giza, na waridi hukatwa, hupangwa kwa urefu wa mashina, hufungwa mashada, hupakiwa katika malori ya baridi na kukimbizwa Nairobi kuipata ndege ya kwenda Uholanzi, ilhali yule ambaye hajatimiza hesabu aliyopangiwa hubaki amesimama mezani hadi miguu imvimbe. Msimu huo ukipita, Siku ya Wanawake ya tarehe 8 Machi i mlangoni, na karibu nayo inakuja siku ya akina mama ya Waingereza. Ikiwa sala sharti ingoje maua yapungue, basi na tuseme wazi kwamba tumeiahirisha hadi uzeeni.

Atatokea wa kunijibu kwamba kazi yenyewe ni ibada, na kwamba Mungu husikia hata neno moja linalotamkwa kimoyomoyo katikati ya pilikapilika; na kwa ushahidi atamtaja Nehemia, ambaye mfalme alipomwuliza haja yake aliomba papo hapo, baina ya swali na jibu, pasipo kupiga goti wala kufumba jicho. Hoja hiyo ni nzuri, nami naipenda. Wallakini anayeileta aghalabu hufungua kitabu kile katika mlango wa pili, akauruka wa kwanza, ambamo Nehemia alikaa chini akalia, akafunga na kuomba siku kadhaa. Na kutoka mwezi wa Kislevu alipopata habari za Yerusalemu hadi mwezi wa Nisani aliposimama mbele ya mfalme, ilikuwa imepita takriban miezi minne. Dua ile ya kufumba na kufumbua ilitoka katika kisima kilichochimbwa siku nyingi. Sisi twataka kuteka bila kuchimba.

Tena sisi tunaosoma Maandiko kwa Kiswahili hatuna udhuru hata wa saa. Mwingereza akisoma kwamba Petro na Yohana walipanda hekaluni saa tisa, saa ya kusali, mara nyingi hulazimika kuhesabu kwa vidole ajue ni wakati gani. Mswahili hahesabu kitu, kwa kuwa saa tisa ya Matendo ya Mitume ndiyo saa tisa yetu ya alasiri, na saa sita ya Petro ndiyo saa sita yetu ya jua la utosini. Na tazama hali aliyokuwa nayo Petro siku ile ya Yafa alipopanda darini: njaa ilimshika, na chakula kilikuwa jikoni kikiandaliwa. Hiyo ni saa ya chakula cha mchana kabisa, saa hiyo hiyo ambayo mzee wangu aniambia haina nafasi. Ndugu zetu Wakatoliki wanayo sala ya Malaika wa Bwana, asubuhi, adhuhuri na jioni. Jirani yangu Mwislamu mwenye duka hufunga mlango adhuhuri ikiingia, na wateja tukifika tukaukuta umefungwa, twajua yuko wapi, twangoja. Wala sijasikia mtu akimshauri kwamba Mungu anaelewa.

Anaelewa, ndiyo. Lakini aliyetuzoeza kumpa makombo ya siku ni nani, dakika za mwisho kitandani, ulimi umeshakuwa mzito, ilhali simu tuliipa nusu saa pale pale mezani, mchana kweupe? Mimi naamini sala isiyo na saa yake haisaliwi, na ya kuwa saa hiyo yapasa ikatwe katika unono wa siku, mahali ambapo kukatwa kwake kunaonekana na kunauma.

Alhamisi niliteremka ziwani, pale mitumbwi inapopakua samaki. Mama mmoja alikuwa akiparura magamba ya ngege juu ya ubao, mikono imemetameta hadi viwikoni, na foleni ya wanunuzi ilikuwa imeanza. Jua lilipofika utosini aliweka kisu, akawafunika samaki kwa gunia lililolowa, akajifuta mikono kwa leso, akayaelekea maji, akafumba macho. Kijana wa bodaboda alisimamisha pikipiki, akauliza bei. Mama hakugeuka, aliinua kidole kimoja tu, taratibu, midomo ikiendelea kwenda. Kijana alitazama gunia, akatazama kidole kile, kisha akazima pikipiki, akavua kofia yake ngumu, akaishika kifuani, akangoja.