Nani Anamtafsiria Mtoto Wako?

Mzazi wa Ngara au Biharamulo akiulizwa mwanawe anasoma shule gani, atajibu papo hapo, na jina la mwalimu wa darasa atalitaja. Muulize mwanawe anatazama nini jioni, atakwambia ni muvi za Wachina, wanarukaruka na kupigana. Jibu hilo halitoshi. Mtoto huyo amekaa saa mbili akifundishwa nani mwema, nani mbaya, na mbaya afanywe nini. Hayo ni malezi, hata kama aliyeyatoa hakukusudia kulea.

Kuanzia Rulenge, Kabanga na Benako hadi Lusahunga na Nyakanazi, palipo na umeme na wapita njia hapakosi kibanda cha video: mabenchi ya mbao, luninga iliyoinuliwa juu, sabufa inayotetemesha mabati, na ubao nje ulioandikwa kwa chaki muvi za siku hiyo. Barabara ya malori yaendayo Rusumo huleta wateja wakubwa, lakini benchi la mbele ni la watoto. Baba yuko machimboni au safarini, mama yuko shambani kwenye maharage au kahawa, na sarafu ya mia mbili haikosi kupatikana. Isipopatikana, kuna tundu kwenye turubai. Siku hizi hata kibanda si lazima: fundi simu anaingiza muvi kumi kwenye memori kadi, zikatazamwa chini ya mgomba.

Muvi zenyewe hazifiki kwa Kichina. Tangu TBC ilipoonyesha "Doudou na Mama Wakwe Zake" kwa Kiswahili mwaka 2011, tumezoea kumsikia Mchina akizungumza lugha yetu. Kabla ya hapo Lufufu alikuwa ameshawika Dar es Salaam kwa kutafsiri muvi kwa sauti yake moja. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo. Sisi tulio mpakani tumeongezewa na agasobanuye za Rwanda, yaani muvi zilizotafsiriwa kwa Kinyarwanda, kwa kuwa anayesema Kihangaza haoni tabu kukisikia Kinyarwanda. Watafsiri hawa ni mafundi wa kweli. Ila kazi yao ni kuchangamsha: pale panapozungumzwa taratibu huweka utani, na mapigano yakianza hupaza sauti. Mtoto hupokea ngumi zote, na maneno hupokea nusu.

Nichukue muvi moja nieleweke, ile ya Mfalme Nyani, Sun Wukong. Hadithi yake ni ya kale, imetoka katika kitabu cha Kichina cha karne ya 16 kinachosimulia safari ya mtawa kufuata vitabu vya dini magharibi. Pati ya kwanza ilitoka mwaka 2014, nyani akiigizwa na Donnie Yen. Pati ya pili ilitoka mwaka 2016. Humo nyani anatolewa chini ya mlima alikofungwa miaka 500, anakabidhiwa kwa mtawa awe mlinzi na mwanafunzi wake, na kichwani anavikwa pete ya dhahabu. Akikosea, mtawa husoma maneno fulani, pete ikabana mpaka nyani anagaagaa chini. Njiani wanamkuta jini mwanamke wa mifupa myeupe anayejibadili sura akaonekana mtu mnyonge. Nyani ana macho ya kumtambua, mtawa hana. Nyani anampiga jini. Mtawa anaona mtu ameuawa. Anamwadhibu mwanafunzi wake, kisha anamfukuza.

Kuhusu pati hii ya pili kila mtu ana lake. Siku moja ya gulio Rulenge nilisimama karibu na vijana waliotoka kuitazama, wakubwa wao hawajafika darasa la saba.

"Huyu siye nyani wa kwanza," mmoja alilalamika. "Huyu pati ya kwanza alikuwa adui, yule mwenye pembe."

Alisema kweli. Aaron Kwok, aliyekuwa mfalme wa majini katika pati ya kwanza, ndiye aliyepewa nafasi ya nyani katika ya pili.

"Adui akitubu anakuwa stering," mdogo wao akamjibu, na wenzake wakacheka.

Mwingine alisema mapigano ya safari hii ni makali zaidi. Mwingine akasema amechukia mwisho, maana nyani anashinda na bado mtawa anamtaka ampige yeye mtawa, apate kuifuata roho ya yule jini na kuiokoa. "Stering hafi," akasema, "sasa huyu anajitakia kufa kwa ajili ya adui?"

Mama aliyekuwa akiuza maandazi kando aliingilia. "Na mtawa kamkosea nini nyani? Si kaona mtu kauawa mbele yake?"

Yule mdogo akamgeukia. "Lakini mama, angemuuliza kwanza."

"Kwani wewe nyumbani unaulizwa?"

Mtoto alicheka, akaangalia chini, hakujibu.

Katika maneno hayo machache mlikuwa na somo kubwa la malezi, na hakuna mzazi wake aliyekuwepo kulisikia. Watoto wengi huegemea upande wa nyani kwa sababu wanaijua ile pete. Wameadhibiwa kwa kosa ambalo hawakupewa nafasi ya kulieleza. Yule mama naye hakukosea: mtawa alikuwa na haki ya kushikilia kwamba mtu hauawi. Kanuni yake ni njema. Kilichomponza ni kuadhibu kabla ya kusikiliza, na matokeo yake akamfukuza mlinzi wake, akabaki mbele ya jini bila yeye. Kwetu yako mengi ya namna hiyo. Mtoto aliyechapwa na kufukuzwa bila kusikilizwa hukimbilia stendi au machimboni, na huko atampata wa kumsikiliza kwa masharti yake.

Wazazi tumegawanyika makundi mawili kuhusu muvi hizi. Kundi la kwanza husema zipigwe marufuku, zinaharibu watoto. Wana hoja. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani, na mwenye kibanda anayemwingiza mtoto wa miaka minane saa nne usiku anastahili kuulizwa na serikali ya kijiji. Lakini marufuku haiifikii memori kadi. Kundi la pili husema ni michezo ya watoto, waacheni. Hao wamesahau kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemtwika mzazi jukumu la kumlinda mwanawe na mambo yanayohatarisha mwili na maadili yake. Jukumu hilo halikupewa mwenye kibanda, wala mtafsiri wa Dar es Salaam.

Nitaje sehemu moja ambayo mtoto hawezi kuachiwa aitafsiri peke yake. Muvi hiyo inaeleza jini yule alikotoka. Alikuwa msichana wa kawaida. Balaa lilipoingia kijijini, wenzake walimtuhumu kwamba ndiye aliyelileta, wakampeleka mlimani afe. Chuki aliyokufa nayo ndiyo iliyomgeuza jini. Ni kipande kifupi, na mtoto anaweza kukipita akisubiri ngumi. Sisi wa Kagera hatuna ruhusa ya kukipita. Kanda hii ya Ziwa imeua vikongwe kwa sababu ya macho mekundu, wakiitwa wachawi. Mwaka 2024, wilayani Muleba, mkoani humu humu, mtoto mdogo mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani kwao na kuuawa kwa imani za kishirikina. Mtoto anayetoka kibandani akiamini kwamba kuna watu ambao ndani yao si watu, na kwamba mwenye macho makali anaweza kuwatambua na kuwapiga, anahitaji mkubwa wa kumwambia usiku uleule: nyani wa kwenye muvi ana macho hayo, binadamu hana. Anayekwambia jirani ni mchawi anakutafutia dhambi.

Wazee wetu hawakuwalea watoto kwa hadithi zisizo na damu. Fisi alikula watu, zimwi lilimeza kijiji kizima. Tofauti ni kwamba bibi alikuwepo. Mtoto akiogopa alisogea karibu, akiuliza alijibiwa, na hadithi ikiisha aliulizwa: nani alikosea hapa? Swali hilo ndilo lililokuwa malezi. Leo hadithi imekuja kutoka China, msimuliaji yuko mbali, na baada ya pati ya pili inawekwa nyingine bila hata pumziko.

Kazi iliyobaki kwa mzazi si ngumu, wala haihitaji fedha. Ujue jina la muvi aliyoitazama mwanao. Walau mara moja kwa wiki itazame naye, nyumbani, kwenye simu hiyohiyo. Mwenye kibanda mwambieni kwa pamoja, kama wazazi wa mtaa, kwamba jua likizama watoto watoke. Kisha, mkiwa mnakula, muulize: nani alikuwa na haki, mtawa au nyani? Umwache amalize kusema hata kama anakupinga, nawe utoe lako kama mkubwa. Akikwambia kwamba mtawa angeuliza kwanza, usikasirike. Mwulize lini wewe hukumuuliza, na umsikilize.

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, hilo ni kweli, na kanuni za nyumba zisimame. Lakini kanuni isiyoambatana na mazungumzo mtoto huivunja siku atakapopata nauli. Mzazi mwenzangu wa Ngara, na wewe wa Biharamulo, leo jioni kabla hajalala, muulize mwanao ametazama nini.