Kuku wa Uani na Haki ya Jirani

Mtu huweza kuizungushia nyumba yake ua wa minyaa, akatia mlango, kisha akasema kuwa kilicho ndani ni chake na kilicho nje ni cha wengine. Kwa jembe na kwa chungu kauli hiyo ni kweli, maana jembe halitoki lenyewe kwenda kutembea. Kwa kuku ni nusu ya kweli. Kuku hulala kwa mwenyewe, hudonoa kwa jirani, na ugonjwa wake huzuru mtaa mzima bila ya kubisha hodi. Kwa sababu hii ufugaji wa mjini, ambao kwa macho ni jambo la kitoweo, kwa akili ni jambo la haki na wajibu.

Mji wa Singida umekaa katika uwanda wa kati wa Tanzania, penye majabali makubwa na maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Mvua yake ni ya msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba na hukoma Aprili. Miezi ifuatayo, mpaka Julai, ndiyo ya mavuno. Mtama na uwele hukatwa, vichwa vya alizeti hupigwa kwa fimbo juu ya turubai, viazi vitamu hukatwa vipande vikaanikwa, na upepo baridi wa kipupwe hupeperusha makapi. Kazi hizi hazikomei vijijini. Karani, mwalimu, fundi cherehani na mjane mwenye chumba cha kupangisha, kila mmoja ana shamba lake la pembeni mwa mji au kitalu chake cha uani: tuta la mchicha karibu na bomba, mpapai nyuma ya jiko, na kuku wanaochakura makapi ya alizeti tangu alfajiri hata magharibi.

Ukulima huu wa mjini haukupewa heshima sikuzote. Zilikuwako zama ambazo wakuu wa miji waliona mahindi baina ya nyumba kuwa uchafu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipolipandisha cheo neno kujitegemea, jembe nalo likapanda. Ukame wa miaka ya 1973 na 1974 ulipoleta upungufu wa chakula, kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona iliwaita hata watu wa mijini shambani. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 zilikikubali kilimo hicho na kukiwekea mpaka: mtu asitumie zaidi ya ekari 3, wala asifuge ng'ombe zaidi ya 4, nao wafungiwe. Sheria ilijua kuhesabu ekari na pembe. Lakini liko jambo moja lisilohesabika, ambalo huja na msimu wa mavuno.

Kuku wa kienyeji wa Singida wana sifa nchini, na masoko ya Dar es Salaam huwapokea kwa furaha. Baada ya mavuno wanunuzi hupita mitaani na matenga yao. Kwa watu wengi wa kipato kidogo kuku ndiye sanduku la akiba: huuzwa mmoja kwa dawa, wawili kwa sare ya shule. Na katika miezi hiyo hiyo ya ukavu mara nyingi huja mdondo, ugonjwa ambao wengine huuita kideri. Hauna tiba. Ukiingia katika kundi lisilochanjwa huweza kulimaliza karibu lote kwa siku chache, na husafiri kwa kinyesi, kwa mizoga, kwa matenga na hata kwa nyayo za watu.

Basi achukuliwe kwa mfano mjane mwenye kuku 12. Asubuhi moja huona wawili wamejikunyata, mbawa zimelegea, shingo ya mmoja imepinda. Kumi wangali wazima kwa sura. Saa nne mnunuzi atapita. Akinyamaza, atapata fedha za madaftari ya watoto. Akisema, hatapata kitu, na kabla ya wiki kwisha huenda kuku wote wakawa shimoni. Je, ana haki ya kuuza?

Wako wanaosema anayo. Hoja yao ya kwanza ni kuwa kuku ni mali yake, na mwenye mali haulizwi. Ya pili ni kuwa mnunuzi ana macho, naye hununua kwa hiari yake. Ya tatu ndiyo nzito: umaskini haukumpa nafasi ya kuchagua, na ni rahisi kwa aliyeshiba kumhubiria mwenye njaa.

Hoja ya kwanza huanguka kwa kuwa anachouza si kuku tu. Pamoja na kuku anauza ugonjwa, na ugonjwa si mali ya mtu. Ya pili huanguka kwa kuwa macho ya mnunuzi hayaoni kilichofichwa, na hiari ya asiyejua ni hiari pungufu. Tena tenga lile litafunguliwa uani kwa mjane mwingine, mwenye watoto na shida kama zake, ambaye hakushauriwa. Aliyejiokoa kwa njia hiyo amehamisha msiba wake, hakuuondoa.

Hoja ya tatu haianguki, na mwenye insaf hana budi kuipa kiti. Ukweli una bei, na bei ya ukweli huu humwangukia mtu mmoja, ilhali faida yake ni ya mtaa mzima. Mtaa unaomtaka mjane aseme kweli kisha ukamwacha alale na hasara peke yake unataka wema wa bure kutoka kwa asiyeweza kuulipia. Wajibu wa kusema ni wake. Wajibu wa kumfanya aweze kusema ni wa majirani. Wakimpa vifaranga baada ya msiba kupita, au wakimkopesha fedha za madaftari, hawatoi sadaka. Wanalipa deni la kuku wao waliosalia.

Jambo hili halikuachwa kwa maneno matupu, kwani kinga ipo. Chanjo ya I-2, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia, hutengenezwa pia Tanzania. Hustahimili joto kuliko chanjo za kale; hutiwa tone moja jichoni mwa kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Lakini chupa moja hutosha kuku wengi, na ikishafunguliwa haikai siku nyingi. Mwenye kuku 12 akiinunua peke yake, sehemu kubwa atamwaga. Majirani wakichanga, huwa rahisi kwa kila mmoja. Tena nyumba moja ikikataa, uani mwake ugonjwa hupata kituo cha kupumzikia kabla ya kuendelea na safari.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Methali hii husomwa mara nyingi kama onyo la kujihadhari nafsi. Katika mtaa wa wafugaji ina maana ya pili: mwenye kunyolewa apige kelele, ili wenziwe wapate muda wa kutia maji, nao wakishatia, wasimsahau kichwa chake kilivyo kitupu. Mtu anayejitegemea kwa kuficha hutegemea ujinga wa jirani, na tegemeo hilo hukatika siku jirani atakapojua. Mavuno ya uani huwa ya halali kamili pale mwenye ua anapoweza kufungua mlango wake mchana, jirani akaingia na kuhesabu kuku, wazima na wagonjwa.