Yaliyopita Yaulizwe

Kuna methali moja ambayo siku hizi imegeuzwa ngao ya wavivu: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mimi niliikuta kwa wakubwa zangu ikisemwa kwenye suluhu, mume na mke wakipatanishwa, au ndugu waliogombania kiunga cha minazi, ili kosa lililokwisha kusamehewa lisifukuliwe tena. Hawakuitumia kumpa mtu ruhusa ya kutojua mji wake umepitia nini. Leo ukimwuliza kijana meli ya juzi ilizama kwa sababu gani, au msikiti anaosali ulijengwa na nani, anakujibu kwa methali hiyo kisha anainamia simu. Na si vijana peke yao. Nimeisikia vikaoni kwa watu wenye mvi na vyeo. Nimechoka kuisikia, wanangu, ndiyo sababu nayaandika haya.

La kwanza, na ndilo zito kuliko yote: jueni kwamba kusahau kunaua.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria ikiwa imekaribia Mwanza. Ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Waliokufa, makadirio mengi yanafika 800 na kuzidi, na mpaka leo hakuna awezaye kukupa hesabu kamili, kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Wazee wetu wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa walipotea watu, nao walipotea bila habari. Nchi ililia, tume iliundwa, makaburi ya pamoja yakachimbwa. Ungedhani kwamba baada ya msiba ule hakuna nahodha wala karani wala abiria ambaye angekubali chombo kuzidishwa watu.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ikazama upande wa Nungwi ikielekea Pemba, nayo imejaa kupita kiasi. Mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe, ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja. Kisha tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka ziwani kule kule kikiwa kimekwisha kukikaribia kisiwa cha Ukara, watu wa nchi kavu wanakiona kwa macho. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Yaani maiti tu zilikuwa zaidi ya mara mbili ya watu ambao kivuko kiliruhusiwa kuwabeba wakiwa hai.

Nasikia mtu akisema ni mipango ya Mungu. Sikatai kadari, na Muislamu hawezi kuikataa. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mola. Kuhesabu abiria ndiko kumfunga ngamia. Basi asisingiziwe Mungu kazi ambayo karani aliacha kuifanya.

Wala msinielekezee vidole vyenu serikalini tu. Mkesha wa Idi mmoja nilikuwa gatini nikisubiri boti. Baharia alikwisha kusema chombo kimejaa, tena kwa sauti ya kusikika. Watu wakazidi kusukumana, huyu kabeba godoro, yule kapitisha mtoto juu ya vichwa vya wenzake ampokee mtu asiyemjua. Mama mmoja wa Kipemba aliyekuwa amekwisha kupanda aliangalia namna boti ilivyokaa majini, akachukua kikapu chake, akashuka. Vijana wakamcheka, wakamwuliza kama anataka kupewa ndege. Akawajibu kwa upole kwamba ana mtu wake alibaki Nungwi. Hawakumwelewa. Nungwi kwao ni pwani ya watalii. Nami nilishuka nyuma yake, tukasafiri siku ya pili. Boti ile ilifika salama, alhamdulillahi, na najua wale vijana walituona wajinga. Sijali. Mama yule alikuwa na elimu ambayo wao walikuwa hawana, na alikuwa ameilipia ghali.

Basi msafiri, hesabu. Ukiona pamejaa, shuka. Ukidaiwa tiketi, taka na jina lako liandikwe.

Mfano huo huo uko kwenye upepo. Mwaka 2024, ilipotangazwa kwamba kimbunga Hidaya kinakuja, niliwasikia watu wakibisha barazani: huku kwetu hakuna vimbunga, hivyo ni vya Msumbiji na Madagaska. Tarehe 4 Mei kikafika Mafia. Laiti wangeuliza! Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi, kikavunja na merikebu za Sultani Barghash bandarini. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya Pemba kuwa ndiyo kisiwa cha karafuu hadi leo. Aprili 1952 Lindi nayo ikapigwa. Kila mchuma karafuu wa Pemba anaishi ndani ya historia ya upepo ule, halafu watu wanasema haujawahi kuvuma. Jambo linalokuja mara moja katika umri wa mtu na mwanawe haliwezi kujulikana kwa kuishi tu. Litajulikana kwa kuambiwa au kwa kusoma.

La pili: msichome karatasi.

Hili linanichoma mimi mwenyewe. Mtaani kwetu alikufa mzee aliyekuwa mwalimu wa chuo, aliyesomesha watoto wa nyumba nyingi. Arobaini ilipokwisha, warithi wakagawana kitanda, saa ya ukutani na viti. Kulikuwa na sanduku la mbao, ndani yake mna vitabu vya mkono, maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, barua za mirathi, na daftari alimokuwa akiandika kuzaliwa na kufa kwa watu wa mtaa. Likatolewa uani likachomwa pamoja na majani ya mwembe, kwa sababu limeingia mchwa na hakuna aliyejua kusoma yaliyomo. Nilipofika palikuwa pamebaki kipande cha jalada la ngozi. Nilimwuliza kijana wa nyumba ile kwa nini hakuniita. Akasema, yalikuwa ya zamani tu.

Ya zamani tu! Mwanangu, sikiliza. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa karibu mwaka 1840. Mashairi yake yalibaki midomoni mwa watu, na midomo hufukiwa pamoja na wenyewe. Akatokea Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa Mombasa, akawapitia waliokuwa bado wanayakumbuka, akayaandika, akamfafanulia mmisionari W. E. Taylor aliyekuwa akiyakusanya. Karatasi hizo zikaenda Uingereza, na mwaka 1940 William Hichens akatoa diwani. Leo ukisikia malenga anamtaja Muyaka, ukiona mwanafunzi anafanya mtihani juu yake, mshukuru yule mwalimu aliyekaa chini na kalamu. Wangapi walikuwa mafundi kama Muyaka, na hawakumpata Sikujua wao?

Na Kilwa je? Mji aliouzuru Ibn Battuta mwaka 1331 akausifu, mji uliopiga sarafu zake wenyewe, habari za watawala wake tunazo kwa njia mbili kuu: kitabu cha Mreno João de Barros kilichopigwa chapa mwaka 1552, na nakala moja ya Kiarabu iliyonakiliwa Unguja katika karne ya 19, ambayo sasa iko London. Msomi wa Kilwa akitaka kuliona kwa macho andiko la historia ya mji wake, aombe viza. Nawalaumu waliochukua, na nawalaumu zaidi wanaochoma yaliyobaki.

Na yanayowapata maandishi huyapata majumba pia: usipoziba ufa utajenga ukuta. Waliopita Forodhani, Unguja, wameiona Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883. Nyufa zake tuliziona miaka na miaka, na tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya kazi ya ukarabati, sehemu yake ikaporomoka na kuua watu. Sina la kuongeza hapo.

La tatu: mtu akikupa habari, mwulize ameipata wapi. Simu imewafanya watu wote kuwa wanahistoria bila kusoma. Mtu anatumiwa ujumbe usiokuwa na jina la mwandishi, kwamba kabila fulani lilitoka Misri, au kwamba kiongozi fulani alisema maneno fulani, naye anausambaza kabla hajaumaliza. Ukimwuliza, anasema, mimi pia nimetumiwa. Huo ni umbeya, hata ukivalishwa joho la elimu. Mwenye habari awe na mahali pa kuionyesha: kaisikia kwa nani, na huyo alikuwepo?

Na ukipata habari ya upande mmoja, tafuta ya pili. Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, kwa muda mrefu vilisomwa kwa jicho la Wajerumani: washenzi walidanganywa na mganga kuwa kwa dawa yake risasi zitageuka maji. Katika miaka ya 1960 mwanahistoria Gilbert Gwassa, na mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, wakaenda vijijini kuwauliza wazee walioviona vita wakiwa watoto au vijana. Wazee wakawaeleza mashamba ya pamba ya kulazimishwa, viboko, kodi, na akida asiyeulizwa neno. Wakaeleza namna Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alivyowaunganisha watu ambao hawakuwa na mfalme mmoja. Kwa hiyo dawa ilikuwepo, na sababu zilikuwepo pia. Wakati huo wazee wale walikuwa wa miaka sabini, themanini. Safari ile ingecheleweshwa miaka ishirini, mngekuwa na kumbukumbu za Wajerumani pekee, na katika kumbukumbu hizo waliokufa ni 75,000, ilhali wanahistoria wengine wanawakadiria kufikia 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya jeshi kuchoma vyakula. Mwone mtu anavyoweza kufa mara mbili, kwanza kwa njaa, kisha katika hesabu.

La nne: mzee akisimulia, usimkate kauli. Akikosea mwaka, subiri amalize, umwulize faraghani.

La tano ni chungu. Msitake historia ya sifa tu. Nyumba nyingi za pwani hii zinajua ukoo wao mpaka Hadhramaut au Shirazi, na hazijui bibi mzaa babu alifikaje Unguja. Mnajua kwa nini hazijui? Kwa sababu aliletwa kwa nguvu, na aibu ikakaa mahali pasipo pake. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na juu yake pamejengwa kanisa. Si mbali hivyo. Nimewahi kukohozewa barazani kwa kulitaja, nikaambiwa navunja watu heshima. Heshima ya nani? Aliyetekwa hakuwa na kosa. Na mjukuu wa aliyemnunua hahukumiwi kwa kosa la babu yake, ila ataulizwa kwa nini analificha. Mkificha hili, wageni watawaandikia wapendavyo, na nyinyi hamtakuwa na neno la kujibu.

La sita nawaambia wazee wenzangu, maana si haki kuwagombeza watoto peke yao. Mnalalamika kwamba vijana hawaulizi. Wakiuliza mnawajibu, utakuja kujua ukikua. Wengine mnaishikilia elimu ya tiba, ya nyota za bahari, ya nasaba, mnataka ibembelezwe. Nimemzika fundi mmoja wa majahazi ambaye kwa miaka yake ya mwisho alikataa kumwonyesha yeyote vipimo vyake, akiogopa kuibiwa. Sasa havipo, na hakuna aliyeibiwa isipokuwa watoto wake. Mwenye elimu akaifungia anaudhi kuliko mjinga, kwa sababu mjinga hana cha kutoa.

Someni vitabu vizima, si dondoo. Mkiazima, rudisheni.

Na mkitaka kuanza, anzeni nyumbani. Simu hizo mnazozishika mchana kutwa zina kinasa sauti. Mwendee bibi au babu yako baada ya Alasiri, akiwa amepumzika, na si wakati ana shughuli. Kabla ya swali la kwanza, taja tarehe, mahali, jina lake na la baba yake, ili atakayesikia baada yako ajue anamsikia nani. Mwulize njaa aliyoikumbuka, meli aliyoipanda, shule aliyonyimwa. Mwache anyamaze akitaka kunyamaza. Kisha nakili kwa maandishi, uweke nakala mbili nyumba mbili tofauti. Na mwenye sanduku la hati asizozijua kusoma, asiliwashie moto. Walioko Unguja, lipelekeni Nyaraka pale Kilimani. Walioko bara, iko Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Walioko Kenya, nendeni kwenye nyaraka zenu za taifa au makumbusho yaliyo karibu nanyi. Kama hamtaki kuachia asili, ombeni zipigwe picha mrudi nazo. Fanyeni hivyo mwezi huu, wazee wenu wakiwa bado wanasikia mnachowauliza.