Shimo la Unyayo

Wengi wetu hapa Kongo twajua theluji kwa habari tu, au kwa kuiona mbali juu ya Ruwenzori, mlima wenye metri 5,109. Hata hivyo theluji yaweza kutufundisha neno moja la dhamiri.

Huko Marekani, katika jimbo la New Hampshire, iko milima iitwayo White Mountains. Njia ya miguu ya Appalachian Trail, iliyokamilishwa mwaka 1937, yenye urefu wa kilometa 3,500 hivi, inapita katika misitu yake. Wakati wa baridi wapitaji hukanyaga theluji hata ikashikamana. Mwezi wa Aprili na Mei theluji ya pembeni huyeyuka kwanza. Ile iliyokanyagwa hubaki kati ya miti kama tuta refu. Asubuhi ni ngumu, inamchukua mtu. Alasiri inalegea, na mguu unazama hata magotini. Mtu huchomoa mguu, akaenda zake. Shimo linabaki. Usiku baridi inarudi, na kando za shimo zinakuwa ngumu kama jiwe. Kesho yake mwingine anatia mguu humo, anavunjika kifundo, mbali na kijiji na mganga.

Basi tuulize: aliyetoboa shimo ana kosa gani? Hakumchukia mtu. Hakumwona aliyeumia, wala hatamjua kamwe. Wengine watasema: «Njia ni ya wote, kila mtu aangalie miguu yake.» Neno hilo ni kweli nusu. Anayekuja nyuma anapaswa kuangalia. Lakini wajibu wake haufuti wajibu wa aliyetangulia. Maana huyu aliweza kujua, na dawa si siri: kuondoka mapema theluji ingali ngumu, kuvaa viatu vipana vya theluji visivyozama, au kurudi siku nyingine. Gharama yake ni usingizi kidogo na mzigo kidogo. Anayekataa gharama hiyo ndogo anamwachia mwenzake ailipe kwa mfupa wake.

Zamani Plato, mwenye hekima wa Uyunani, aliandika habari ya mchungaji aliyepata pete ya kumfanya asionekane. Akataka tufikiri kama mtu atashika haki pasipo kuonwa. Msituni pete haina kazi. Miti haishitaki, na theluji itayeyuka pamoja na ushahidi. Kwa hiyo haki ya mtu hupimwa vema huko kuliko barazani.

Na sisi tusiseme hatuna theluji. Anayechimba udongo wa matofali kando ya njia, akaacha shimo wazi lijae maji ya mvua. Anayeng'oa ubao wa daraja apate kuni: hao nao wanakwenda zao, na mtoto wa mtu anapita nyuma yao usiku.

Basi, ndugu, kabla ya kwenda zetu tugeuke kidogo, tutazame tulipopita. Kama shimo lipo, tulijaze.